Vidonge vya Kukata Hamu, Kitambi Changu na Unga wa Muhogo

Nimekuwa kimya kwa muda, na wale waliozoea kuja hapa kusoma juu ya hifadhidata na seva zinazokwama usiku wa manane huenda wakashangaa kunikuta leo nikiandika juu ya tumbo. Naam, tumbo langu mwenyewe. Vumilieni kidogo. Mwishowe mtaona kwamba kisa hiki ni cha kazi yetu ile ile ya kila siku, kazi ya kutafuta hitilafu iko wapi.

Mimi ni mtu wa miaka ya makamo sasa. Nimeandika programu kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu miaka yote hiyo nimeiandika nikiwa nimekaa. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi mawili, saa nne chai nyingine, mchana chapati na madondo pale kibandani, jioni soda baridi ya kunipa nguvu ya kumalizia kazi, usiku ugali. Kitambi kilikuja polepole, kama diski inayojaa faili za kumbukumbu ambazo hakuna anayezifuta. Huoni lolote mpaka siku mfumo unapogoma.

Siku yangu ilikuwa Februari 2023. Kazini walituletea wauguzi wa kutupima afya. Uzani kilo 94, urefu mita 1.75. Ukigawanya uzani kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata 30.7, na kuanzia 30 mtu huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia. Kiuno sentimita 108, ilhali kwa mwanamume hatari huanza kuhesabiwa kutoka 94. Kisha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kikasoma asilimia 6.1. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 uko kwenye kizingiti cha kisukari. Ukifika 6.5 umeingia ndani.

Baba yetu alifariki kwa kisukari. Alianza kwa kidole cha mguu. Sitaeleza zaidi, ila mkielewa hivyo mtaelewa kwa nini sikulala usiku ule, na kwa nini wiki iliyofuata nilikuwa mteja rahisi kabisa.

Mfanyakazi mwenzangu alinijulisha kwa mama mmoja anayeuza saplimenti. Kampuni yenyewe sitaitaja. Kifurushi cha mwezi kilikuwa shilingi 7,500: chupa ya garcinia ya kukata hamu ya chakula, chupa ya chai ya kijani iliyokolezwa ya kuchoma mafuta, na chupa ya kromiamu ya kutuliza sukari. "Vyote ni vya asili, mwanangu," mama aliniambia. "Havina kemikali."

Nilivimeza kwa utiifu. Mwisho wa mwezi nikapanda mizani: kilo 90. Kilo nne zimekwenda! Nilimpigia picha mizani na kumtumia dada yangu mkubwa aliye Nakuru. Chini ya picha niliandika: "Dada, hizi ndizo dawa."

Ujumbe ule bado uko kwenye simu yangu. Nimekataa kuufuta.

Sasa sikilizeni yale ambayo sikumwandikia dada. Mwezi ule ule niliacha soda. Niliacha chapati za usiku kwa sababu ya hofu. Nilianza kushuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani na kutembea karibu kilomita tatu kila jioni. Yaani nilibadilisha mambo sita kwa mpigo, kisha sifa zote nikazipa chupa tatu. Kijana akija kwenye meza yangu kazini na kuniambia amebadilisha mistari sita ya msimbo kwa pamoja na hajui ni upi uliotibu hitilafu, nitamrudisha akaanze upya. Lakini mimi nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haulizi maswali.

Dada yangu ana kisukari aina ya pili tangu 2017 na hutumia metformin. Aliamini picha yangu kuliko angeamini tangazo lolote, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika familia, mtu wa hesabu. Akanunua kifurushi kile kile kwa muuzaji wa huko kwao. Huyo akamweleza kwamba mwili hauwezi kusafishika ukiendelea kuchanganya mimea na kemikali za hospitali. Basi dada akaziweka tembe zake za metformin kwenye droo.

Wiki ya tano mpwa wangu alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Mama amekuwa akinywa maji usiku kucha, anaona ukungu, maneno yake hayashikani. Walipompima hospitalini sukari ilikuwa 24.6. Kwa mtu mzima mwenye afya, kabla ya kula, kipimo hicho huwa chini ya 5.6. Alilazwa siku nne. Nilikaa kando ya kitanda chake nikitazama dripu ikidondoka, na dada, hata hakunilaumu. Alisema tu, "Ndugu yangu, si wewe uliniambia?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kwa kweli, na sikuwa na jibu.

Niliporudi Nairobi nilifanya kile ambacho ningefanya kabla ya kutoa shilingi hata moja, yaani nilisoma. Nikaanza na garcinia. Ni tunda la Asia lenye asidi iitwayo HCA kwenye ganda lake, na inasemekana huzuia kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa mafuta. Katika mirija ya maabara hilo lina ukweli wake. Ndani ya watu je? Mwaka 1998 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la watu 135 wenye unene, wiki 12. Nusu yao walimeza garcinia yenye miligramu 1,500 za HCA kwa siku, na nusu vidonge bandia. Wote walipewa mlo mmoja. Waliomeza garcinia walipungua kilo 3.2. Waliomeza bandia walipungua kilo 4.1. Tofauti hiyo kitakwimu haina maana, lakini rudia kusoma namba hizo polepole. Mlo ndio ulioshusha uzani, pande zote mbili. Jibu lilikuwa limechapishwa miaka 25 kabla mimi sijatoa pesa zangu.

Kromiamu nayo: mwaka 2013 wapitiaji wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyokuwapo kuhusu kromiamu na unene, wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika wa kupendekeza watu waitumie. Chai ya kijani ya kikombe haina neno, inyweni. Ile iliyokolezwa kwenye vidonge ni jambo jingine. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za ile kemikali yake kuu, EGCG, zinaweza kuleta dalili za kuumia kwa ini. "Vya asili, havina kemikali." Mamba pia ni wa asili, jamani.

Halafu nikakumbuka hoodia. Wenzangu tuliokuwa tukitunza seva za barua pepe miaka ya 2004 hadi 2008 hatuwezi kuisahau, maana nusu ya barua taka zilikuwa za hoodia. Niliandika kanuni za kuchuja neno hilo kwa kila tahajia unayoweza kufikiria. Wakati huo sikujua kwamba nyuma ya takataka ile kulikuwa na kisa cha watu wa Afrika. Wasan wa jangwa la Kalahari wamekuwa wakitafuna mmea huo kwa vizazi vingi ili kuvumilia njaa na kiu wanapokwenda kuwinda. Baraza la utafiti wa sayansi la Afrika Kusini, CSIR, lilichukua hataza ya kiini chake katika miaka ya 1990 na kuuza leseni kwa kampuni ya Uingereza, bila Wasan kuulizwa. Baada ya kelele kupigwa, mwaka 2003 yalitiwa saini makubaliano ya kugawana faida. Faida yenyewe haikuja. Pfizer ilijitoa mwaka 2003, Unilever ikaingia mwishoni mwa 2004 na ikaacha mwaka 2008. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa: wanawake 49 wenye uzani mkubwa, siku 15, na waliomeza hoodia hawakula kidogo kuliko wale wa bandia. Walichopata ni kichefuchefu, kutapika na mapigo ya moyo kuongezeka. Wakati wote huo wauza barua taka walikuwa wakivuna.

Kuna na yale ya kutisha zaidi. Mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku saplimenti za efedra kwa sababu ya mioyo na viharusi. Mwaka 2010 dawa iitwayo sibutramine, iliyokuwa ikikata hamu ya chakula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya utafiti mkubwa kuonyesha inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye maradhi ya moyo. Lakini haikupotea. Tangu hapo wakaguzi wameikuta mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya kahawa, chai na vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza mwili, bila kuandikwa popote. Kwa hiyo ukipewa mitishamba, ukakosa hamu ya kula siku ya pili, ukakosa usingizi siku ya tatu na moyo ukaanza kwenda mbio, usishukuru. Acha, uende hospitalini na chupa yako mkononi.

Hata hivyo kusoma hakukunitosha. Moyoni bado nilikuwa na sauti ikisema: lakini mimi nilihisi! Njaa ilipungua, nilihisi mwenyewe! Basi nikaamua kujipima kwa njia ya haki.

Chupa moja na nusu za garcinia zilikuwa zimebaki. Nikaagiza maganda matupu ya kapsuli, ukubwa na rangi ile ile. Mke wangu akayajaza unga wa muhogo. Akaandika vikaratasi vinne, viwili "G" na viwili "M", akavikunja na kuvichanganya. Kila wiki mbili alichomoa kimoja na kunitayarishia chupa bila kuniambia ni ipi. Kwa wiki nane nililala, nikala na kutembea vile vile. Mara tatu kwa siku nilijipa alama za njaa kutoka 0 hadi 10, na kila asubuhi nikapanda mizani. Niliandika hati fupi ya kukusanya namba na kutoa wastani wa siku saba, kwa sababu uzani wa siku moja ni kelele tupu. Maji na chumvi peke yake vinaweza kukupandisha au kukushusha kilo nzima. Kila kipindi kilipoisha nilikisia nilichokuwa nikimeza, na kukiandika.

Siku ya kufungua siri tulikaa sebuleni kama watu wanaosubiri matokeo ya kura. Wastani wa njaa kwenye garcinia: 5.2. Kwenye muhogo: 5.1. Uzani ulishuka gramu mia chache kila kipindi, vyote sawa. Na makisio yangu? Nilikosea matatu kati ya manne. Zile wiki mbili ambazo nilimwambia mke wangu kwa sauti, "Hii ndiyo yenyewe, leo hata chakula sikitaki," nilikuwa nameza unga wa muhogo.

"Baba watoto," akasema mke wangu, akijizuia asicheke, "unga huo nauuza shilingi 2,500 kwa chupa."

Najua jaribio la mtu mmoja si sayansi ya kuongozea taifa. Lakini lilinitosha kunyamazisha ile sauti. Nilichohisi mwezi wa kwanza kilikuwa cha kweli. Njaa ilipungua kweli, ila iliyopunguza ni kuacha soda, na imani. Kosa langu lilikuwa jina nililoliandika chini ya picha.

Je, basi hakuna saplimenti yoyote yenye maana? Hapa ndipo nataka kuwa mwaminifu, kwa sababu kukataa kila kitu ni uvivu sawa na kuamini kila kitu. Kuna kundi moja lisilo na mbwembwe lenye ushahidi, nalo ni nyuzinyuzi zinazovimba ndani ya maji.

La kwanza ni isabgol, maganda ya mbegu za psyllium, ambayo ndugu zetu Wahindi wameyatumia toka zamani kwa ajili ya choo. Yanapatikana katika maduka yao hapa Nairobi. Yakikutana na maji huwa kama uji mzito. Uji huo hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni, na hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo, hivyo ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili kutengeneza nyingine. Tangu 1998 Marekani huruhusu bidhaa zenye psyllium kudai kwamba zinasaidia kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kwa kiasi cha gramu 7 za nyuzi zake zinazoyeyuka kwa siku. Kwa shayiri ya oti ruhusa ilitoka 1997, gramu 3 za beta-glukani. Kwa uzani wenyewe, msitarajie miujiza. Athari ni ndogo.

La pili ni glukomanani, nyuzi za kiazi cha Asia kiitwacho konjac. Mwaka 2010 mamlaka ile ile ya Ulaya ilikubali kwamba gramu 3 kwa siku, gramu moja kabla ya kila mlo, pamoja na glasi moja au mbili za maji, husaidia watu wenye uzani mkubwa kupungua wakiwa wanapunguza chakula. Tazameni sharti la mwisho. Na maji si pambo: nyuzi hizi zikivimba kooni zinaweza kukukaba. Isabgol nayo ni vile vile. Tena zote huweza kunasa dawa nyingine tumboni, kwa hiyo acha angalau saa mbili kati yake na dawa zako, na umwambie daktari kwanza, hasa kama unatumia dawa za kisukari.

Machi 2024 shemeji yangu alinitumia habari ya siki ya tufaha: utafiti wa Lebanoni, vijana 120, na uzani kushuka ajabu kwa vijiko vya siki. Zamani ningekimbilia dukani. Safari hii nilimwambia tungoje. Mwaka 2025 jarida lenyewe liliufuta utafiti ule, kwa kuwa wataalamu wa takwimu hawakuweza kuyapata tena matokeo yale na data ilikuwa na kasoro. Kungoja ni bure, na hakudhuru ini.

Siku hizi nauzwa "Ozempic ya asili" kila nikifungua simu. Mara nyingi ni berberine, ambayo inaweza kugongana vibaya na dawa nyingine. Dawa yenyewe, semaglutide, inafanya kazi kweli: katika jaribio la 2021 la watu 1,961, wiki 68, wastani wa uzani ulishuka asilimia 14.9 dhidi ya 2.4 ya bandia. Inaiga homoni ya shibe ambayo mwili huivunja kwa dakika chache tu, ila yenyewe hudumu wiki nzima. Lakini hiyo ni dawa ya daktari, si ya mkobani mwa muuzaji, na hakuna kidonge cha dukani kinachoikaribia.

Mimi nilibaki na mambo ya kawaida. Kijiko cha isabgol na glasi mbili za maji kabla ya chakula cha jioni. Ugali wa unga usiokobolewa, kipande kidogo, sukuma wiki nyingi. Madondo yamebaki na chapati imepungua, kwa maana kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, kwa bei ambayo hakuna saplimenti itaifikia. Na kutembea. Utafiti wa Marekani wa 2002 wa watu 3,234 waliokuwa kwenye kizingiti kama changu ulionyesha kwamba kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzani na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza kuingia kisukarini kwa asilimia 58. Metformin ilipunguza kwa 31. Mimi ilinichukua miezi tisa kufika kilo 87. HbA1c sasa ni 5.8. Bado niko kizingitini, ila nimegeuka, naangalia nje.

Na dada? Alirudi kwenye metformin siku ile ile alipotoka hospitalini. Mwaka jana nilimweleza jambo lililomchekesha: metformin ilizaliwa kutokana na mmea uitwao galega, uliotumika Ulaya tangu zamani, na daktari Jean Sterne ndiye aliyechapisha matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari huko Ufaransa mwaka 1957. "Kumbe niliacha mmea nikafuata chupa," akasema. Tofauti ni kwamba mmea ule ulipimwa, kiasi chake kikajulikana, na madhara yake yakaandikwa.

Kila Jumapili hunitumia picha ya kipimo chake cha sukari. Jumapili iliyopita kilikuwa 6.4 kabla ya chai. Nami humtumia picha ya mizani yangu. Ila sasa chini ya picha naandika kila kitu: nilichokula, nilichoacha, nilikotembea, na mwishoni, "Dada, tembe umemeza?"

Haya wapenzi, nimesema mengi. Makala ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Ukiwa na ndugu anayetumia dawa za sukari au presha, mpigie leo umwulize swali hilo hilo moja.